Jinsi ya Kusikika Opala Ukiwa Bado Lubunga

Hapa Kisangani neno moto lina kazi nyingi kuliko fundi wa mtaa. Kwa Kiswahili ni kile kinachopikia sombe. Kwa Lingala, ukilitamka hivi ni mtu, ukilipandisha mwishoni ni kichwa, ukifungua kinywa zaidi ni huo huo moto wa jikoni. Na kwa sisi sote, wa lugha zote, moto ni pikipiki. Kijana wa siku hizi amechoka na utengano huo. Anataka mtu, kichwa, moto na pikipiki vipite barabarani kwa kelele moja.

Mwongozo huu ni wake. Namzungumzia dereva wa njia ya Opala: yule anayevuka mto asubuhi kwenda Lubunga, ukingo wa kushoto, kisha anaingia msituni kwa kilomita zipatazo 260 za tope, mizizi na madaraja ya magogo mpaka Opala, kwenye mto Lomami. Kwenda anapeleka chumvi, sabuni, dawa na betri. Kurudi analeta mchele, mawese na samaki wa moshi. Moto yake ni ya sentimita za ujazo 125, ya Kichina au ya Kihindi, yenye nguvu za farasi kumi hivi, na juu yake amepanda yeye, mama mmoja na mtoto mgongoni, mfuko wa mchele, bidoni mbili za mawese na mbuzi anayejutia uamuzi wa mwenye mbuzi. Mwulize moto yake inapungukiwa nini. Hatataja breki. Hatataja tairi. Atakwambia: "Yaya, haina sauti."

Vema, mdogo wangu. Tukutafutie sauti.

Utakavyohitaji

Msumeno wa chuma. Nyundo na msumari wa inchi sita. Fundi wa kuchomelea, pamoja na siku yenye umeme. Hivi viwili havipatikani pamoja kila wiki, kwa hiyo ukiviona usichelewe. Kopo tupu la maziwa ya unga. Waya. Majirani wasio na uwezo wa kuhama. Na masikio mawili mazima, ambayo hutayahitaji baada ya kazi kwisha.

Hatua ya 1: Mfahamu adui

Adui yako ni eshapema, yaani bomba la moshi, na hasa lile tumbo lake la nyuma. Kwa nje linaonekana kama bomba tupu. Ukipata kuukuu, lipasue kwa urefu ujionee: ndani mna nyumba ya vyumba viwili au vitatu, kuta za bati, vibomba vinavyomrudisha mgeni alikotoka kabla hajaonyeshwa mlango. Injini ya silinda moja ya mipigo minne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inalipuka mara 50 kwa sekunde. Kila mlipuko unasukuma kofi la gesi ya moto kwenye bomba. Makofi hayo yakiingia vyumbani yanagonga kuta, yanarudi, yanakutana na wenzao waliochelewa, na mengi yanamalizana yenyewe kwa yenyewe humo humo. Kinachotoka nje ni mabaki. Kipande cha mwisho chenye vitundu ndicho mafundi wetu wanachokiita shikani, na ndicho kitakachokufa kwanza.

Kabla hujamuua, mpe heshima ya kujua ukoo wake. Mwaka 1887 mvumbuzi Stanley alizunguka kusini mwa bara kwa meli kutoka Unguja hadi mdomo wa mto Kongo, akiwa amempakia Tippu Tip, mtu aliyetuletea Kiswahili huku kwa njia tusizopenda kuzisimulia mbele ya wageni. Tippu Tip akafanywa liwali wa Stanley Falls, ndiyo hapa hapa. Stanley akaendelea na mto Aruwimi mpaka Yambuya, ambako leo ni ndani ya jimbo letu la Tshopo. Katika mizigo yake mlikuwa na kitu kipya: bunduki ya Maxim, iliyojipakia yenyewe na kufyatua risasi mfululizo. Aliyeibuni, Hiram Maxim, aliijaribu miaka mingi kwa mkono wake na akazeeka kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akachukua njia nyingine: mwaka 1909 akapata hataza ya kizuia sauti cha bunduki, na kampuni yake ikaja kutengeneza vizuia sauti vya injini pia. Baba alileta mlio, mwana akaleta kimya. Wewe mdogo wangu, kwa msumeno wako, umechagua upande wa baba.

Hatua ya 2: Ng'oa shikani

Kwenye moto nyingine ni skrubu moja tu kwa nyuma, kisha koleo na kuvuta. Kwenye nyingine itabidi kukata. Fundi atakitazama kile kipande, atakipangusa masizi kwa kitambaa, atakwambia kwa upole: "Kiache hapa, petit, nitakutunzia." Kesho ukipita utakuta amekilaza juu ya makaa anachomea mahindi. Usikasirike. Mkumbuke tu shikani huyo, kwa maana tutaonana naye mbele.

Sasa washa. Mbwa wameamka, mtoto wa jirani analia, na wewe unahisi farasi kumi wamekuwa ishirini. Hisia hiyo ni ya kweli kabisa, isipokuwa inaishia masikioni. Kabureta yako ilipangwa kiwandani kwa kuhesabu bomba lenye vyumba. Umeondoa vyumba, gesi inatoka wepesi, hewa inaingia kwa wingi, lakini tundu la petroli ni lile lile. Mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini inayochoma mchanganyiko mkavu inapata joto, na wa kwanza kuungua ni valvu ya kutolea moshi.

Ushahidi uko kwenye buji, yaani plagi ya kuwashia. Ifungue baada ya kupanda kilima na mzigo. Rangi ya karanga iliyokaangwa ni afya. Nyeusi yenye masizi inaonyesha petroli imezidi. Nyeupe kama chaki inaonyesha moto yako inajipika. Dawa yake ni kununua jikleri ya kabureta yenye tundu kubwa zaidi, ambayo itakunywesha petroli zaidi, ambayo utainunua kwa chupa kwa yule kijana wa kando ya barabara tunayemwita Kadafi, ambaye naye amenunua pikipiki mpya kwa sababu ya wateja kama wewe. Kelele umeilipia mara mbili, na bado hatujafika Hatua ya 3.

Hatua ya 3: Kata bomba

Mafundi wengi watakwambia injini inahitaji "kuzuiwa kidogo" ili iwe na nguvu. Wengine watakwambia ukiizuia unaiua. Wote wameona jambo la kweli ila wamelishika mkia. Injini haipendi kuzuiwa; inapenda kuvutwa kwa wakati wake. Kofi la gesi likifika mahali bomba linapofunguka, linarudisha nyuma wimbi la mvuto. Wimbi hilo likirejea kwenye silinda wakati valvu bado iko wazi, linanyonya moshi uliobaki na kuikaribisha hewa mpya. Likirejea mapema mno au likichelewa, linakuta mlango umefungwa au, vibaya zaidi, linarudisha moshi ndani. Urefu wa bomba ndio saa yake. Bomba refu linasaidia injini inayozunguka polepole, bomba fupi linasaidia injini inayokimbia.

Sasa jiulize: kwenye njia ya Opala, katikati ya tope la mwezi wa kumi, na mbuzi nyuma, injini yako inakimbia? Uko gia ya kwanza, miguu miwili imening'inia kama ya kunguru, mwendo ni wa mtu anayekwenda matangani. Nguvu unayoihitaji ni ile ya chini, ya kujikokota. Ukikata bomba unaichukua nguvu hiyo na kuipeleka juu, kwenye mizunguko ambayo utaifikia siku ile tu Opala itakapowekwa lami.

Kwenye injini za mipigo miwili, kama zile Yamaha AG 100 za wamisheni na wauguzi, bomba ni zaidi ya nusu ya uchawi. Huko Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ alilifanyia hesabu tumbo la bomba hilo mpaka vipikipiki vidogo vikawatoa jasho matajiri wa mbio za dunia. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda kwa Suzuki na siri hizo kichwani. Mwaka uliofuata Suzuki na Degner wakachukua ubingwa wa dunia wa sentimita za ujazo 50. Watu walikimbia nchi zao kwa ajili ya umbo la eshapema. Wewe yako unamkabidhi kijana aliyeanza ufundi Jumatatu, umlipe sahani ya wali.

Hatua ya 4: Pima nguvu uliyoongeza

Hapa wengi wanasema: "Sikia tu hiyo sauti, unaona nguvu?" Naam, tuipime. Injini yako ikifanya kazi kwa bidii inatoa wati elfu saba au nane. Na ile kelele yote, inayotikisa bati za kanisa na kuwakimbiza kuku hadi shamba la jirani, ni nishati kiasi gani? Chanzo cha sauti kinachorusha wati moja tu hewani tayari ni balaa la masikio. Wati moja. Taa ya simu yako inakula karibu kiasi hicho ukitafuta kandambili usiku.

Kwa hiyo ukitoa kelele zote hujaongeza nguvu, na ukizifunga zote hujapata hata ya kuchajia simu. Wahenga walikwisha kulipima jambo hili bila mita: debe tupu haliachi kuvuma.

Hatua ya 5: Toa sadaka ya masikio

Wataalamu wa afya ya kazini wanahesabu hivi: desibeli 85 sikio linazivumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti inakuwa maradufu na muda wa salama unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 saa mbili, kwa 94 saa moja, kwa 97 dakika 30, kwa 100 dakika 15. Tuseme eshapema yako iliyo wazi inakupa 100 sikioni. Dakika 15 zinakwisha hujatoka hata Lubunga. Zilizobaki mpaka Opala, siku nzima ikiwa mbingu zina huruma, unalipa kwa mkopo, na sikio ni benki isiyosamehe.

Sauti za kwanza kupotea ni zile kali za juu, zilizobebwa na herufi kama s, f na t. Mzee wa mtaani aliyeendesha wazi kwa miaka bado anasikia ngurumo za mvua vizuri sana. Kinachomshinda ni hesabu. Mteja anasema "elfu sita", yeye anasikia "elfu tisa", na ugomvi unaozuka hapo unaweza kusikika bila eshapema yoyote. Sikio la kufa halisikii dawa, wala halisikii nauli.

Mama aliyeketi nyuma yako hapati sauti tu. Anapata na muhuri: lile kovu la mviringo kwenye shavu la mguu, upande wa ndani, alama ambayo bomba la moto lisilo na kifuniko limewapiga abiria wa bara hili kwa usawa, bila kubagua dini wala kabila.

Hatua ya 6: Itangaze safari yako

Faida kubwa ya moto yenye kelele ni kwamba kila mtu anajua unakuja. Tuitazame faida hiyo kwa zamu.

Kwanza, baria. Zamani ulifika kwenye kamba iliyokatiza njia ukamkuta mwenye kamba amelala, ukaipinda, ukapita. Sasa anakusikia ukiwa bado bondeni. Ana muda wa kunawa uso, kuvaa kofia, kutafuta daftari na kukumbuka kosa lako. Na kosa hataumia kulitafuta: Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka kila injini iwe na kizuia sauti kinachofanya kazi. Hajawahi kuuona mkataba huo, lakini ameusikia ukipanda kilima.

Pili, wadai. Mwenye duka uliyemkopa sukari hahitaji tena kumtuma mtoto achungulie kama umerudi. Mtu mwenye madeni asitoboe eshapema; huu ndio ushauri pekee wa kiuchumi katika mwongozo huu, na ni wa bure.

Tatu, kwa wale wenye biro ya pili. Nyumba ndogo ni taasisi iliyosimama juu ya ukimya. Ukifika kwa kishindo saa nne za usiku, kijiji kizima kinageuza shingo kwenye mito yao na kusema: "Ameingia." Saa kumi za alfajiri kinageuza tena: "Ametoka." Mkeo aliyeko ng'ambo ya mto atapata taarifa yenye saa na dakika.

Nne, wateja. Hawa ndio uliowakusudia. Kwa bahati mbaya mama mwenye mawese ya kupeleka sokoni amekwisha kujifunza kitu: moto inayopiga kelele sana ndiyo inayokwama mbele. Anaiacha ipite, anangoja ya nyuma. Toleka zetu, zile baiskeli zenye mto nyuma zilizoubeba mji huu miaka ya vita, zilipata wateja wote hao kwa kengele ndogo na jina la Kilingala linalosema tu "tupite".

Hatua ya 7: Shindana na msitu

Umebaki ushindi mmoja: kusikika mbali. Kichwa cha habari kiliahidi Opala, na mimi ni mtu wa ahadi.

Mwaka 2007 watafiti walikuta mjini Opala mtoto wa kima amefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule. Uso mrefu kama wa mtu mwenye fikra, macho kama ya shangazi aliyekuja kukukanya. Sayansi haikuwa na jina lake. Wenyeji walikuwa nalo siku zote: lesula. Mwaka 2012 akaandikishwa rasmi kuwa aina mpya, na duniani kote wakashangaa kwamba Opala inajua kitu wasichokijua. Dume la lesula hulia alfajiri, mlio mzito wa chini, buum, unaopenya msitu. Halina eshapema. Halina hata koo la kutisha. Lina sauti ya chini, basi.

Jirani zetu Walokele wa Isangi, na Wambole wenyewe wa Opala, walijua siri hiyo kabla ya petroli. Gogo lililochongwa tumbo, midomo miwili, toni mbili, na habari ya msiba inavuka mto. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu karibu na hapa na kuandika kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949, alieleza jinsi toni zinavyobeba maana: kwa Kilokele ukikosea toni, mtu aliyekuwa akitazama ukingo wa mto anageuka kuwa mtu anayemchemsha mama mkwe. Ndiyo maana mpigaji hapigi kwa nguvu ovyo. Anapiga kwa mpango.

Mambo haya mawili, kima na gogo, yanafanya kazi kwa sababu moja. Majani na mashina hunyonya sauti kali za juu. Sauti nzito za chini huyapita kama mtu mwenye mwavuli kwenye manyunyu. Sasa itazame moto yako. Mlipuko wenyewe, ukiwa polepole kwenye tope, ni mara 25 kwa sekunde: sauti nzito, ya chini, ya kizee. Eshapema ya kiwandani yenye vyumba vyake inashindwa kuimeza yote. Inaiacha itoke, imezibwa mdomo kidogo. Inachokimeza vizuri ni ule ukali wa juu, ule wa kupasuka kama bati linalochanwa. Na ukali huo ndio ulioufungulia mlango kwa msumeno wako. Unakupasua wewe, unampasua mama aliye nyuma, unafika mti wa kumi, unakufa. Kinachofika kijijini ni ile dudu-dudu ya chini, ambayo ulikuwa nayo tangu siku ulipoitoa moto dukani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka kusikika Opala, anza kwa kupunguza kelele. Naomba msamaha kwa kuchelewa kukwambia; ungeacha kusoma.

Hatua ya 8: Usawa, kwa walioshindwa kuwa mashujaa

Kama umefika hapa na bado una masikio, haya ndiyo wanayofanya madereva wanaorudi kutoka Opala na moto ile ile waliyoondoka nayo.

Anza kwenye silinda. Nusu ya kelele zinazolaumiwa tumbo la nyuma zinatoka mbele, kwenye gaskiti ya shingo iliyokufa. Injini ikiwa baridi, iwashe, pitisha kiganja karibu na shingo ya bomba bila kugusa: ukihisi pumzi, gaskiti imekwisha. Ni kitu kidogo, ibadilishe, kaza nati zote mbili kwa zamu, si moja mpaka mwisho.

Kisha safisha. Tumbo la injini ya mipigo miwili hujaa masizi ya mafuta mpaka moto ikawa inapumua kama mwenye pumu. Livue, lichome taratibu kwenye makaa mpaka masizi yakauke, ligongegonge, limimine. Nguvu utakayoipata hapo ni ile iliyokuwa yako.

Ziba matundu. Lile kopo la maziwa lilikuwa kwa kazi hii: kata kipande, kizungushe juu ya kutu iliyotoboka, funga kwa waya mpaka utakapoonana na mchomeleaji. Ikiwa shikani yako imefungwa nyuzi na zimeoza, waya laini wa kusugulia masufuria unaweza kushika nafasi kwa muda. Usitumie kitambaa wala nyuzi za mgomba, labda kama unataka kufika ukiwa na moto kwa maana zote nne.

Inua mkia. Haya ndiyo mageuzi pekee ya eshapema yanayostahili njia yetu: kipande cha bomba kilichochomelewa nyuma, kikatazama juu, kisipunguze upana, ili ukivuka kijito maji yasipande kwenye tumbo injini ikizima. Mdomo wake uangalie nje, usimwangalie abiria.

Weka ngao. Bati lenye matundu juu ya bomba, lililotenganishwa kwa washa chache, linaokoa mashavu ya miguu ya akina mama. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kwa dereva kwa sababu ya kelele. Kwa sababu ya ngao, wanarudi.

Na ukibadilisha chochote, soma buji. Karanga, masizi au chaki: haijawahi kumdanganya mtu.

Hatua ya 9: Mrudie shikani

Nenda kwa fundi. Utamkuta pale pale, makaa yale yale, mahindi mapya. Atakutazama, ataitazama moto, atakitoa kile kipande motoni kwa koleo kama daktari anayetoa jino. "Nilikwambia nitakutunzia," atasema. Kutoa ulilipa, kurudisha utalipa zaidi, kwa sababu sasa kina ladha. Lipa bila kubishana. Ni ada ya shule, na wenzako wengi wameilipa kwa valvu.

Nami nakuachia jambo moja la mwisho, la kuonja tu. Kuna kijiji kwenye njia hiyo ambako nililala nikingoja mvua iishe. Alfajiri, kabla sijaona mtu barabarani, mama mwenye nyumba aliacha kufagia, akainua kichwa. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nimeendesha wazi miaka mitatu. Akamwita mtoto, akamfuta makamasi, akatafuta kadi ya kliniki iliyochomekwa chini ya paa. Nyumba ya pili nao walikuwa wakitafuta kadi. Dakika kadhaa baadaye ikatokea moto ya muuguzi wa chanjo, kisanduku cha baridi nyuma, polepole, dudu-dudu-dudu.

Nilimwuliza mama alijuaje. Alinitazama kwa huruma, akasogea karibu na sikio langu, akarudia kwa sauti kubwa ili nisikie: "Tunamjua!"